Folda Zinapohama: Pale Bekapu ya Nyongeza Inapotupoteza

Mhadhara wa wazi uliotolewa Ras Mkumbi, Kisiwa cha Mafia

 

Nimeombwa nizungumzie bekapu. Ni somo pana, nami leo nitashika kipande kimoja tu, kile kinachowaangusha hata mafundi wazoefu. Ni pale ambapo mafaili yenyewe hayajaguswa, ila folda zimebadilishwa majina, zimehamishwa, au mahali pa folda pamewekwa kiungo kinachoelekeza kwingine. Mtu anasema, "Mimi sikufuta kitu, nilipanga tu." Kweli hakufuta. Na bado picha hazipo.

Tukisikia data imepotea, mawazo hukimbilia maji ya chumvi, mwizi wa laptopu, au dhoruba kama ile ya Hidaya iliyotua kisiwani kwetu tarehe 4 Mei 2024. Hasara za namna hiyo hujitangaza zenyewe. Ukiamka ukakuta paa limeezuliwa na kompyuta inavuja maji, huhitaji mhadhara. Hasara ninayoizungumzia hujificha miezi, kwa sababu kila usiku programu inamaliza kazi na kuandika kwamba mambo yote ni shwari.

Kabla ya kueleza kwa nini, tutazame mfano wa baharini. Mnara huu wa taa ulioko hapa rasini ulijengwa na Wajerumani mwaka 1892, na kila baharia anayekaribia Mafia kutoka kaskazini hutarajia kuuona kwenye ramani yake. Taa ikizimika au ikibadilishwa mwako, ramani haichapwi upya papo hapo. Idara ya ramani za bahari ya Uingereza ilianza mwaka 1834 kutoa matangazo kwa mabaharia, na siku hizi hutoka kila wiki. Nahodha huisahihisha ramani yake kwa wino, kisha huandika chini pembeni mwaka na namba ya tangazo. Tena kila tangazo hutaja namba ya sahihisho lililotangulia kwenye ramani ileile. Kwa hiyo akiruka moja, linalofuata litamsuta. Bekapu ya nyongeza imejengwa kwa mtindo huo: nakala moja kamili mwanzoni, halafu mfululizo wa masahihisho. Unaokoa muda, unaokoa nafasi, na kwetu ambako bando lina bei yake, unaokoa fedha.

Ila sahihisho la ramani huandikwa na mtu anayejua kilichotokea. Bekapu huandikwa na programu inayokisia. Ndiyo maana kila ninapoitwa kutazama bekapu iliyoharibika, swali langu la kwanza halihusu diski. Nauliza: hii programu inajuaje kwamba faili limebadilika?

Tuchukue kazi inayofahamika hapa, ya kupiga picha papa potwe. Kuanzia Oktoba hadi Machi potwe huonekana upande wa Kilindoni, hapa kisiwani, na mnajua kwamba kila mmoja ana mpangilio wake wa madoa. Mwaka 2005 watu watatu, Zaven Arzoumanian ambaye ni mtaalamu wa anga, Jason Holmberg ambaye ni mwandishi wa programu, na Brad Norman ambaye ni mwanabiolojia wa bahari, walieleza namna ya kuyalinganisha madoa ya ubavuni, nyuma ya matamvua, kwa hesabu iliyotungwa kwanza kwa ajili ya kulinganisha picha za nyota. Tangu hapo picha ya mtalii ina thamani ya kisayansi, mradi ijulikane ilipigwa lini na wapi.

Sasa fikirieni ofisi ndogo inayotunza picha hizo. Kijana akirudi kutoka baharini anaunda folda ya siku, tuseme 2023-11-18, anamwaga humo picha zote za kadi. Wiki mbili baadaye mtaalamu anazipitia na kusema: hizi ni za potwe namba 17. Folda inabadilishwa jina, au picha zinahamishiwa kwenye folda ya potwe-017. Kwa mtu, huo ni mpangilio. Kwa programu ni msiba na uzazi kwa pamoja: folda moja imetoweka, nyingine imeibuka.

Programu inayotumika sana kwenye Linux na Mac, rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras kule Australia, hulinganisha njia kwa njia. Inatazama faili lenye jina fulani ndani ya folda fulani, inalitafuta lenye jina hilohilo upande wa bekapu, kisha inapima ukubwa na saa ya mwisho ya kuhaririwa. Vikilingana, inapita. Ukilihamisha faili, njia ni mpya, kwa hiyo linanakiliwa upya lote. Lile la zamani linabaki kwenye bekapu kama halikuagizwa kufutwa. Dalili yake ya kwanza mtaiona kwenye nafasi ya diski. Juzi bekapu ilikula megabaiti mia mbili, leo imekula gigabaiti arobaini, na hakuna aliyeingia baharini. Hapo msitafute virusi. Muulizeni aliyekuwa anapanga folda.

Hiyo ni dalili ya kelele, na mimi ninaipenda kwa sababu inapiga kelele. Inayonitisha ni kinyume chake. Kuna bekapu nyingi, hasa zile zilizotungwa na fundi wa mtaani kwa mistari mitano ya amri, zinazochagua mafaili kwa tarehe: chukua kila kilichohaririwa tangu bekapu iliyopita. Linaonekana wazo la busara. Lakini kijana amepiga picha Jumamosi tarehe 18, kadi imekaa mfukoni, bekapu ikapita tarehe 22, na picha zikanakiliwa kwenye kompyuta tarehe 25. Ukizinakili kwa njia ya kawaida ya Windows, picha hubaki na saa yake ya tarehe 18. Bekapu ya tarehe 29 inauliza nini kimebadilika tangu tarehe 22, na jibu la picha zile ni: sisi ni wa zamani, tuache. Hazitachukuliwa usiku huo wala usiku mwingine wowote hadi bekapu kamili ijayo, kama ipo. Faili lililohamishwa kutoka folda ambayo haikuwa kwenye bekapu linapatwa na hayohayo, kwa sababu kuhamisha hakubadilishi saa ya kuhaririwa. Linux huhifadhi pia saa nyingine, ya mabadiliko ya taarifa za faili, na hiyo kwa kawaida husogea faili linapobadilishwa jina. Bekapu inayoitazama hiyo nayo ina nafuu kubwa.

Tar ya GNU, ambayo wengine wetu tumeizoea tangu enzi za kanda, inakwenda mbali zaidi. Ukiiagiza kwa --listed-incremental, hutunza kijifaili cha orodha chenye kila folda pamoja na namba zake mbili: namba ya kifaa na namba ya ainodi, ambayo ni namba ya folda ndani ya diski hata jina likibadilika. Kwa hiyo tar inaweza kugundua kwamba 2023-11-18 na potwe-017 ni folda ileile yenye jina jipya, na ikaandika hivyo. Hongera kwake. Lakini tazameni inapojikwaa. Namba ya kifaa si mali ya diski milele. Diski ya nje iliyochomekwa leo kama sdb, kesho ukachomeka flashi kabla yake, inakuwa sdc na namba inabadilika. Diski za mtandao nazo zina tabia hiyo. Tar inaona folda zote ni ngeni na inabeba kila kitu upya. Dawa ipo, ni --no-check-device. Na kama diski yenyewe ni ya exFAT, kama zilivyo nyingi tunazonunua Kariakoo, hata ainodi ni za kubuni, hutungwa diski inapochomekwa. Hapo orodha ya tar haina pa kusimamia. Diski ya aina hiyo pia haijui kuhifadhi viungo. Kwa kubeba picha kutoka boti hadi ofisini inafaa. Kwa bekapu ya folda zenye viungo, mimi siikubali.

Nimetaja viungo, na hapa naomba mnivumilie, kwani ndipo penye mzigo wa leo.

Kuna viungo vya aina mbili. Kiungo elekezi ni kijifaili chenye maandishi ya njia tu: nenda kule. Hakina picha ndani yake. Ukikifungua unapelekwa. Kiungo pacha ni jina la pili la data ileile; majina mawili yana haki sawa, na ukifuta moja, data inabaki hai kwa jina la pili. Ofisi yetu ya potwe ingependa picha moja ionekane kwenye folda ya siku na kwenye folda ya samaki bila kuhifadhiwa mara mbili, na viungo vinaifanya kazi hiyo vizuri.

Tuje kwenye ajali yenyewe. Kompyuta ya ofisi imejaa. Fundi, kwa nia njema kabisa, anahamisha folda nzima ya picha kwenda diski ya pili, kisha mahali ilipokuwa anaweka kiungo elekezi chenye jina lilelile, picha. Kila mtu anafurahi. Programu zote zinaendelea kufungua picha kama zamani. Usiku ule rsync inaamka kwa mpango wake wa kila siku, wa -a. Kwa mpango huo kiungo hunakiliwa kama kiungo. Inakwenda upande wa bekapu, inakuta mahali pa kiungo kuna folda yenye maelfu ya picha.

Ikiwa haikupewa ruhusa ya kufuta, italalamika kwamba haiwezi kuiondoa folda ambayo si tupu, na haitaweka kiungo. Lalamiko hilo ni rehema, ingawa watu wengi hulisoma kama usumbufu na kwenda kutafuta mtandaoni namna ya kulinyamazisha. Namna ya kulinyamazisha ipo: --force au --delete. Na wengi wetu tayari tuna --delete kwenye amri, tuliiweka zamani ili folda za majina ya kale zisirundikane. Kwa --delete rsync haitalalamika. Itaondoa picha zote za bekapu, itaweka mahali pake kiungo cha maneno machache, na itatoa ripoti ya mafanikio. Kwa hesabu yake imefanya sawasawa, kwani upande wa chanzo kuna kiungo na upande wa bekapu sasa kuna kiungo. Diski ya pili, ambayo ndiyo pekee yenye picha, haiko kwenye bekapu yoyote.

Wanaotumia mtindo wa nakala ya kila siku, yaani --link-dest, ambapo kila usiku una folda yake na yasiyobadilika yanashirikiana kwa viungo pacha, wana muda wa kupumua. Folda za usiku uliopita bado zina picha. Lakini mtindo huo huenda pamoja na kufuta siku za zamani, mara nyingi baada ya siku 30. Kwa hiyo tangu siku ya kiungo saa imeanza kuhesabu, na siku ya thelathini na kitu nakala ya mwisho yenye picha inafutwa na hati ya usafi, ile orodha ya amri inayojiendesha kufuta bekapu za zamani.

Mkishagusa folda, kabla bekapu haijapita, iendesheni rsync kwa -n na -i. Hapo haitafanya chochote, itasema tu ambacho ingefanya. Katika ajali hii mngeona mistari ya namna hii:

*deleting picha/2023-11-18/0412.JPG
cL+++++++++ picha -> /media/diski2/picha

Herufi L kwenye mstari wa pili ndiyo ya kuitafuta. Folda ingeandikwa d, faili la kawaida f. Mkiona L mahali mlipozoea d, na juu yake safu ya mistari ya kufuta, simameni. Mtu hahitaji kujua zaidi ya hapo ili kuokoa picha za msimu mzima.

Kinyume chake nacho kipo. Upande wa bekapu ndio uliojaa, na mtunzaji wake akahamisha folda na kuacha kiungo huko. Rsync ikija na folda halisi inakuta kiungo, inakiondoa, inaunda folda mpya na kuanza kunakili kila kitu kwenye diski ileile iliyokuwa imejaa. Hapa chaguo la --keep-dirlinks linaiambia: kiungo hiki kichukulie kama folda, kiache kilivyo.

Kuna wanaosema, basi tufuate viungo vyote tubebe kilichopo upande wa pili. Inawezekana, kwa -L. Lakini picha yenye viungo vitatu itabebwa mara tatu, na kiungo kinachoelekeza kwenye folda ya juu yake kitaifanya programu izunguke picha ndani ya picha hadi mfumo wenyewe ukatae. Mimi naona ni heri kuitaja diski ya pili wazi kwenye amri ya bekapu kama chanzo kinachojitegemea. Ni mstari mmoja zaidi, na kesho mwingine akiusoma ataelewa.

Viungo pacha vina adabu yake pia. Mpango wa -a hauvitambui. Lazima uongeze -H, la sivyo kila jina linakuwa nakala kamili na diski ya bekapu inajaa wakati chanzo hakijajaa. Na kwenye bekapu za --link-dest, siku zote zinazoshirikiana zina faili moja. Mtu akifungua picha ndani ya folda ya bekapu ya Jumanne, akaipunguza ukubwa na kuihifadhi palepale, ameibadilisha ya Jumatatu, ya Jumapili na za nyuma yake. Rsync yenyewe haina kosa hilo kwa kawaida, kwa kuwa huandika faili jipya pembeni kisha hulipa jina. Binadamu na programu ya kuhariri picha ndio wa kuogopwa. Fungeni folda za bekapu ziwe za kusoma tu.

Msidhani haya ni matatizo ya ofisi maskini. Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilipoteza takriban terabaiti 77, mafaili karibu milioni 34 ya vikundi 14 vya utafiti, kwenye hifadhi ya kompyuta zake kuu. Hakuna mdukuzi aliyehusika. Hati ya bekapu yenyewe, iliyokuwa na kazi ya kufuta kumbukumbu za zaidi ya siku kumi, ilibadilishwa na msambazaji wakati ile ya zamani ingali inaendeshwa. Ikasomwa katikati, vigezo vilivyotaja folda vikawa havina kitu, na amri ya kufuta ikaangukia data za watafiti. Vikundi vinne kati ya hivyo havikuweza kurejeshewa. Amri ya kufuta ndani ya bekapu ni kisu jikoni. Kazi haiendi bila yake, lakini lazima ujue kiko wapi.

Sasa kurejesha, maana bekapu ambayo haijawahi kurejeshwa mimi siihesabu. Hapa pana mtego ambao hata mafundi wazuri hunaswa. Unarejesha kwenye kompyuta ileile, ndani ya folda ya majaribio, unabonyeza picha, picha inafunguka. Unashukuru Mungu unakwenda kulala. Lakini kiungo ulichorejesha kina njia kamili, /media/diski2/picha, kwa hiyo kilichofunguka ni picha ya asili iliyoko kwenye diski ya pili, si ya bekapu. Umejaribu diski yako nzima ukadhani umejaribu bekapu. Rejesheni kwenye laptopu nyingine, au chomoeni kwanza diski ya asili. Kisha amri ya find pamoja na -xtype l itawaorodheshea viungo vyote visivyofika popote. Hesabuni mafaili ya kawaida peke yake na viungo peke yake, pande zote mbili. Jumla inaweza kulingana huku faili limegeuka kiungo; hesabu mbili tofauti haziwezi kuficha hilo.

Wanaotumia tar wana onyo la ziada. Bekapu za nyongeza hurejeshwa kwa mpangilio wake, ile kamili kwanza, halafu kila moja kwa zamu. Na tar ikirejesha kwa mtindo huo hujitahidi kuirudisha folda ilivyokuwa siku ile hasa, maana yake itafuta humo kitu ambacho siku ile hakikuwepo. Kwa hiyo msirejeshe juu ya folda inayotumika. Anayerejesha bekapu ya Septemba juu ya kazi ya Novemba atapata Septemba safi.

Mwalimu mmoja aliniuliza asubuhi kama Google Drive haitoshi. Inasaidia sana, ila folda iliyolandanishwa hufuata mnachokifanya. Mkifuta huku, na kule inakwenda kwenye taka, na taka hiyo humwagwa baada ya siku 30. Na kiungo kilichoachwa mahali pa folda si jambo la kulikabidhi kwa programu ya kulandanisha bila kulijaribu.

Kwa mliokwisha kuwa na wasiwasi mkiwa mmekaa hapo, kazi ya kwanza leo jioni ni kusimamisha ile hati inayofuta bekapu za zamani, kabla ya kuchunguza chochote. Uchunguzi unaweza kuchukua wiki. Hati ile haitawasubiri. Halafu tafuteni kwenye chanzo kila kiungo kilichoketi mahali palipokuwa na folda, kwa find na -type l, na kwa kila kimoja muulizane: kinakoelekeza, kuna bekapu? Kisha ndipo mje kwenye amri zenyewe na -n.

Naona wawili watatu wamekuja na laptopu na diski zao. Jenereta ina mafuta ya saa mbili hivi. Leteni hapa mezani, tuanze na ile iliyojaa zaidi.